Kadi Nyekundu kwenye Meza ya Mama Shimba

Asubuhi waliyombandikia Odeta Luhende kadi nyekundu mezani, alikuwa ameshakasirika mara tatu kabla ya saa mbili. Au huenda saa mbili ilikuwa imeshapita. Nani angejua, wakati saa ya ukutani iling'olewa tangu Jumatatu na juu ya mlango ulibaki msumari mtupu?

Kadi ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Ilibandikwa katikati ya meza yake ya mbao, mahali hasa anapolaza jaketi anapolikagua, na ilikuwa na neno moja tu kwa herufi kubwa: MUDA.

Odeta aliisoma akiwa bado ameshika mkoba wake. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaisoma tena. Neno halikubadilika.

Kwa mtu aliyewahi kuajiriwa, neno hilo halihitaji mkalimani. Kuna wafanyakazi wa kudumu na kuna wafanyakazi wa muda. Wa muda huitwa kazi ikiwepo, na kazi ikikatika hukaa nyumbani akiitazama simu. Odeta alikuwa wa kudumu kwa miaka kumi na tisa. Sasa amefanywa wa muda, tena bila barua, bila hata kuitwa ofisini akapewa kiti. Wamembandikia tu, kama fungu la dagaa sokoni.

"Yaani mimi?" alisema kwa sauti, na washonaji kumi na mmoja wakainamia vyerehani vyao ghafla, kila mmoja akaona kazi ni nyingi.

Mama huyu alizaliwa Ukerewe, akaolewa Butimba, na kwa kuwa mtoto wake wa kwanza anaitwa Shimba, kazini wote humwita Mama Shimba. Ni mfupi, mnene wa wastani, na miwani yake ameifunga uzi shingoni kwa sababu ilishaanguka mara mbili na hataki ya tatu. Kanisani hufuatilia pindo za sare za kwaya kuliko mahubiri. Hasira zake zipo karibu na hazifichi, ila zikipita zimepita, haweki kinyongo hata cha wiki.

Karakana aliyofanyia kazi ipo nyuma ya maghala, upande wa ziwani. Inashona majaketi ya kujiokolea majini, yale ya rangi ya chungwa wanayovaa abiria wa boti. Jaketi likishashonwa lilifika kwa Odeta. Alilivaa, akafunga vifungo, akanasa mkanda wa bega kwenye ndoano iliyopigiliwa nguzoni, kisha akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote. Bega la kushoto, bega la kulia. Mkanda ukishika, alishona msalaba mdogo wa uzi wa buluu ndani ya kola. Usiposhika, jaketi lilirushwa kwenye tenga na jina la aliyelishona likatajwa kwa sauti iliyofika mpaka getini. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kila Desemba alipopanda meli kwenda kwao, hakuweza kutulia. Akimwona abiria kavaa jaketi humsogelea. "Samahani baba, hebu inama kidogo," husema, na kabla mtu hajajua anaibiwa au anaombewa, Odeta ameshafunua kola na kuuona msalaba wake. Kisha hurudi kukaa, hana maelezo.

Mambo yaliharibika daraja lilipofunguliwa. Si kwamba Odeta alilichukia daraja. Alilipita pale Kigongo siku za mwanzo, akalishangaa kama watu wengine. Lakini watu walipoanza kuvuka kwenda Busisi kwa magurudumu badala ya boti, kazi ya majaketi ilipungua. Chetan, mwenye karakana, ambaye babu yake aliianzisha kwa kushona maturubai, akaona asipobana mambo atafunga milango. Akamtuma Nkwabi, msimamizi wa kazi, kwenye mafunzo ya siku tano. Nkwabi akarudi na faili nene na neno jipya: kaizeni, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku.

Hatumlaumu Nkwabi kwa neno. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye adabu, aliyeamini kwa dhati alichofundishwa. Siku ya kwanza aliwakusanya wote akawaeleza kwa saa mbili nzima. Tatizo ni kwamba siku ile ilinyesha. Mvua ya Mwanza juu ya bati lisilo na dari huwezi kushindana nayo kwa mdomo. Walimwona Nkwabi akifungua na kufunga kinywa, akichora mishale ubaoni, akionyesha vidole vitano, kisha vitatu. Mwisho akauliza kitu. Walijua ni swali kwa sababu alinyanyua nyusi.

"Ndiyoooo!" waliitikia wote kwa pamoja, Odeta akiwemo, kama tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Hakuna aliyesema hakusikia. Utamwambiaje mtu aliyetoka jasho kiasi kile kwamba hukusikia?

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wiki iliyofuata fundi wa rangi aliandika ukutani, kwa herufi nyekundu za urefu wa mkono: ONDOA MUDA.

Mzee Ngosha, mlinzi wa geti, aliposoma hakusita. Alichukua ngazi, akashusha saa, akaifunga kwenye gazeti na kuisukuma chini ya kitanda cha kibandani kwake.

"Ukuta umesema ondoa muda," alimjibu Odeta alipomuuliza. "Saa ndiyo yenye muda. Nimeiondoa. Amli ni amli."

Washonaji walielewa kwamba kilichoondolewa ni muda wa chai. Wakaanza kunywa chai wamesimama kwenye vyerehani, kikombe mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine, na majaketi mawili yakapata madoa ya maziwa. Nkwabi alipowaona hivyo alifurahi mno, akaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wameupokea mfumo kwa moyo. Saa ilipokosekana akadhani imeibwa. Kuwauliza watu hakumpitia akilini, maana si walishasema ndiyo?

Kusema haki, si yote yaliyokuja yalikuwa upuuzi, na Odeta alikasirishwa na hilo pia. Nkwabi alichora umbo la kila mkasi ubaoni, kila mmoja ukatundikwa mahali pake, na asubuhi za kutafuta mkasi zikaisha. Alisema mtu asishone mpaka mwenzake wa mbele amwombe, na lile rundo la vifua vya majaketi visivyo na mikanda, lililokuwa likigusa bati, likashuka mpaka magotini. Alisema bosi atoke ofisini aje aone kazi inapofanyika. Hilo halikufanyika. Na alining'iniza rimu ya gari karibu na mlango, kama kengele ya shule, akaweka chuma pembeni: yeyote akiona kosa apige, kazi yote isimame mpaka kosa lijulikane limetoka wapi. Wiki mbili zikapita rimu haijaguswa. Nani akapige rimu, asimamishe kazi ya mtu, na mwenye mali yupo dirishani anakunywa chai?

Basi asubuhi ile Odeta aling'oa kadi mezani, akaipeleka alipo Nkwabi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii ni nini?"

Nkwabi aliangalia kadi, akatabasamu kama mwalimu aliyepata swali zuri. "Ni kadi ya kutambua muda, mama. Tunapita kila mahali, tukiona muda tunaubandika."

"Nimekuwa wa muda tangu lini? Barua yangu iko wapi?"

"Hapana, mama! Sio muda huo. Hili neno ni la Kijapani. Nilieleza siku ile ya kwanza."

"Siku ile ya kwanza ilinyesha, Nkwabi. Hatukusikia hata jina lako."

Usoni mwa kijana jambo moja baada ya jingine lilianza kukaa mahali pake: saa, chai, madoa ya maziwa.

"Kwa Kijapani," alisema polepole, "muda maana yake ni upotevu. Kitu kinachokula nguvu na hakimwongezei mteja chochote."

Odeta alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Kwa hiyo kwa Kiswahili mimi ni wa muda, na kwa Kijapani mimi ni hasara."

"Sio wewe, mama. Ni meza."

"Na mimi nakaa wapi? Darini?"

Nkwabi alieleza, na safari hii hapakuwa na mvua ya kumwokoa. Kukagua mwisho ni kuchelewa, alisema. Jaketi bovu likifika mezani limeshakula kitambaa, uzi na nusu siku ya mtu. Ubora ushonwe mle mle kwenye cherehani. Meza itatolewa mchana. Mama Shimba atasaidia kukata nyuzi zinazoning'inia mpaka oda hii ya majaketi mia mbili ya wenye boti iishe Ijumaa.

"Na baada ya Ijumaa?"

"Tutaona, mama."

Odeta alizijua "tutaona" za Mwanza. Hajawahi kumwona mtu aliyeambiwa tutaona akabaki kazini. Alikwenda ofisini kwa Chetan, akasimama mlangoni; Chetan, simu sikioni, alimpungia mkono akasema kwa midomo tu, "Ongea na Nkwabi."

Mchana watu wawili waliibeba meza, mmoja akirudi kinyumenyume, wakaigonga mlangoni na kuitoa uani. Odeta akapewa stuli nyuma kabisa, karibu na magunia, na mkasi mdogo. Akakata nyuzi. Alikata kwa hasira, na alikasirika zaidi kuona kazi inakwenda. Majaketi yalitoka kwenye vyerehani, yakapita mapajani mwake, yakaingia gunia moja kwa moja. Jioni Nkwabi alihesabu, akakuta yamezidi ya jana kwa kumi na mawili. Chetan alinyanyua dole gumba dirishani.

Kesho yake, Alhamisi, karibu na adhuhuri, akikata uzi kwenye mkanda wa bega, kidole gumba cha Odeta kilisimama chenyewe. Mshono haukuwa sawa. Machoni ulionekana mzuri, ila kidole kilihisi uzi umeruka: umeshika, umeruka, umeshika, umeruka mara tatu. Aliinuka. Meza haikuwepo, lakini hakuna aliyekumbuka kung'oa ndoano nguzoni. Akalivaa jaketi, akanasa mkanda, akajiegemeza.

Mkanda uling'oka mzima. Mama wa watu akaenda chini, akakaa sakafuni kwa kishindo, miwani ikining'inia kwa uzi wake kifuani.

Hakuna aliyecheka. Odeta alinyanyuka bila kumtazama mtu, akavuka karakana nzima na jaketi bado mwilini, mkanda mmoja ukiburuzika, akachukua kile chuma na kupiga rimu. Alipiga mara saba. Alipiga kwa ajili ya meza, kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya saa iliyolala chini ya kitanda cha Ngosha. Vyerehani vilizima kimoja kimoja mpaka pakabaki kimya ambacho hakuna aliyewahi kukisikia mle ndani mchana.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Chetan alitoka na kikombe mkononi.

"Nani amepiga?"

"Mimi, bosi."

"Gari linakuja kesho mchana, Mama Shimba! Majaketi mia mbili! Wewe unanisimamishia kazi?"

"Weka kikombe chini," Odeta alisema. "Vaa hili."

Alikuwa amechukua jingine kutoka gunia lililofungwa. Chetan alimtazama Nkwabi, Nkwabi akatazama rimu. Chetan akalivaa. Odeta akamfunga vifungo mpaka kidevuni kama mtoto wa shule, akashika mkanda wa bega kwa mikono miwili, akavuta. Ulibaki mikononi mwake.

"Sasa hivi," alisema, "kama ni majini, jaketi lako lingekuwa linaelea kule, na wewe unazama hapa."

Chetan alikuwa ameshika bega lake tupu kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Mshono ulikuwa wa cherehani cha tatu, cha Suzana. Walifungua magunia na kuyatoa yote aliyoyashona tangu jana. Yalikuwa thelathini na nane. Suzana, msichana mpole aliyejua kushona mikanda kuliko wote, alikuwa analia kabla hajaulizwa.

"Ulijua?" Odeta alimuuliza.

"Cherehani kilianza kuruka jana mchana, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua kosa utaliona. Siku zote unaliona."

"Lakini meza ilitoka jana! Hukuiona ikitoka?"

"Niliiona. Ila kadi ilisema muda." Suzana alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Nikajua wameitoa kwa muda tu. Nikakuona umekaa kule nyuma unayashika majaketi, nikasema Mama Shimba amehamia kule, anaendelea kukagua."

Odeta alikaa juu ya gunia. Kilichomuuma hakikuwa kosa la Suzana wala Kijapani cha Nkwabi. Aliwatazama wale wengine kumi, akaona nyusoni mwao kwamba hata wao, kila cherehani kilipolalamika, walisema moyoni Mama Shimba ataliona. Miaka kumi na tisa aliamini macho yake ndiyo yanayowashika watu juu ya maji. Kumbe macho hayohayo yalikuwa yamefumba ya wenzake kumi na mmoja. Iliuma kweli. Na iliudhi, maana hakuna kinachoudhi kama kugundua kwamba mtu aliyekuudhi siku nzima alikuwa na haki nusu.

"Irudisheni meza," Chetan alisema hatimaye. "Nkwabi, irudishwe sasa hivi."

"Siitaki," alisema Odeta.

Wote wakageuka.

"Meza siitaki. Kijana amesema kweli, mwisho ni kuchelewa. Lakini wewe Nkwabi," akamnyooshea mkasi, "umetoa macho yaliyokuwepo kabla hujawapa watu mengine. Unabomoa kibanda mvua inanyesha, halafu unatuuliza tumeelewa?"

"Nimekosa, mama," alisema Nkwabi, na hakutafuta maneno mengine.

"Nataka ndoano kumi na moja. Kila cherehani na ndoano yake. Aliyeshona mkanda ajiegemeze mwenyewe, aanguke mwenyewe. Kila mtu na rangi yake ya uzi kwenye kola, ili jaketi likirudi tujue tumuulize nani kilichotokea. Kumuuliza, sio kumtangaza mpaka getini." Hapo sauti ilipungua kidogo, kwa sababu aliyekuwa akitangaza ni yeye. "Na rimu ikipigwa, bosi usije na maneno ya gari. Njoo uulize tatizo nini."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?" Chetan aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, lakini karakana nzima ilijua ndilo swali lenyewe. Tutaona bado ilikuwa hewani.

"Nitapita katikati yao. Cherehani kinasema kabla mshono haujaharibika, sauti yake inabadilika. Nilikuwa nimekaa mbali mno, sikuisikia."

Chetan aliugeuzageuza ule mkanda uliong'oka. Kisha akavua jaketi, akalikunja, akampa Odeta kwa mikono miwili.

"Basi pita," alisema. "Wa kudumu."

Gari lilikuja Ijumaa likaondoka tupu, na Chetan alifokewa na wenye boti kwenye simu mpaka masikio yakawa mekundu. Jumamosi jioni majaketi mia mbili yaliondoka, yote yameshavutwa. Ukutani fundi wa rangi alirudi kufuta yale maneno, na Nkwabi alipotaka kuandika mengine, Odeta alisimama chini ya ngazi akamwambia aandike Kiswahili cha watu wote au aache ukuta upumue. Ukuta ukaachwa. Ngosha alirudisha saa akinung'unika kwamba wakubwa hawajui wanachotaka.

Rimu ilipigwa tena wiki ya pili. Aliyepiga ni Suzana, sindano ilikuwa imepinda. Chetan alitoka na kikombe chake, akafungua kinywa, akamwona Odeta, akameza alichotaka kusema.

"Tatizo nini, dada?" aliuliza, kwa sauti ya mtoto anayekariri, na Suzana akamwonyesha sindano.

Tangu hapo Nkwabi hakuthubutu kumwomba Odeta dakika kama watu wengine wanavyoomba. Aliwahi kusahau mara moja. "Mama, una muda?" alisema. "Wa kwenu au wa kwetu?" aliuliza Odeta, na alimtazama mpaka kijana akaondoka.

Desemba alipanda meli kwenda kwao. Mbele yake alikaa baba mmoja mwenye jaketi la chungwa, jipya kabisa, na Odeta alivumilia kwa takriban dakika kumi.

"Samahani baba, hebu inama kidogo."

Ndani ya kola hapakuwa na msalaba wa buluu. Uzi ulikuwa wa kijani, rangi ya Suzana, mdogo na umenyooka. Odeta akashika mkanda wa bega, akavuta. Kushoto, kulia. Yule baba akapiga kelele kwamba mama huyu anataka kumtupa majini, na watu wakageuka kuangalia. Mkanda ulishika.

Akamwachia, akaomba radhi, akarudi kukaa. Akaangalia majaketi mengine ya karibu, moja moja, kwa macho tu, uzi ukichungulia ndani ya kola: nyekundu, njano, zambarau, kijani tena. Hata moja halikuwa na uzi wake wa buluu. Alitafuta kosa mpaka meli ilipofunga gati Nansio, Ukerewe, hakulipata, na hilo nalo likamuudhi.